Mwenye Vitu Bado Hajarudi

Machi 6

Mvua imeanza leo, na kazi imesimama leo. Nimeshuka kwenye ngazi nikiwa nimeandika VIATU VYA KI, matone yakawa makubwa, rangi ikaanza kuchuruzika. Mwenye duka amenitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "KI nini sasa?" Nikamwambia ni vya kiume na vya kike, ila mpaka mvua zipungue itabidi viwe vya KI tu. Hakucheka. Nimelifunika bango kwa nailoni nikaondoka.

Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa. Mama amenifungulia mlango, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Karibu, fundi. Umekuja kwa ajili ya kuta?"

Mimi ni mwanawe wa pili, na sijawahi kuishi nyumba nyingine zaidi ya hii. Mwaka jana alikuwa akinichanganya na mdogo wake. Sasa mimi ni fundi rangi, kwa kuwa kucha zangu zina rangi. Nimesema ndiyo mama, nimekuja kwa ajili ya kuta. Afadhali kila mwanamke mtu mzima huitwa mama. Naweza kumwita hivyo kutwa nzima bila kumshtua.

Machi 7

Mvua. Mama ameuliza kuta zitakwisha lini. Nimesema rangi haikauki kwenye unyevu.

Machi 10

Dada yangu amekuja jana, amelala, ameondoka leo. Anaishi mji mwingine, ana kazi ya ofisini na nyumba yenye vyumba vya kutosha. Ameniletea viazi na ugomvi.

"Mvua zikiisha nakuja na gari, namchukua."

"Atapotea huko. Nyumba yako haijui."

"Hii anaijua? Jana kauliza choo kiko wapi."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamwambia. "Wewe unakuja mara moja kwa mwezi, unasimama hapo mlangoni na mkoba begani, unatoa amri."

Akaweka mkoba chini. "Sawa. Nimeuweka. Sasa nijibu. Kama hakujui, kuna tofauti gani akikaa kwako au kwangu? Nitajie tofauti moja tu."

Sikuwa nayo. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mwisho tumepatana hivi: akinijua kabla ya mvua kuisha, hata mara moja, Dada hatalitaja tena suala la kumhamisha. "Hata mara moja," amerudia, na nimeona amekubali upesi kwa sababu anaamini haitatokea. Mdogo wangu mie, aliniambia akiondoka, usijitese. Sikumsindikiza hadi kituoni.

Machi 12

Nimepata wazo. Nina ubao mmoja ambao mwenye saluni aliukataa, nimeupaka rangi nyeupe. Nataka kumchora Mama.

Shida ni kwamba nyuso sizijui. Wanaume wote kwenye mabango yangu ya vinyozi ni mwanaume mmoja, na watu wanasema anafanana na mimi. Isitoshe uso wa Mama upo, uko jikoni hapo unatafuta chumvi. Aliyeondoka ni yule mwingine wa zamani, na vilivyobaki vya huyo ni vitu. Basi nimevipanga juu ya meza ndogo chini ya dirisha: pasi yake ya mkaa yenye jogoo wa kufungia, bakuli la maji ya kunyunyizia, kikombe chake cha bluu cha bati, miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba. Chini yake nimetandika kitambaa cheupe na kukivurugavuruga, kwa sababu mwalimu aliyenifundisha kuchora alisema kitambaa kisicho na mikunjo kimekufa.

Mama alipiga pasi miaka mingi chumba cha dobi cha hoteli kubwa, halafu akapiga hapa nyumbani kwa ajili ya mtaa mzima. Mama Pasi, ndivyo walivyomwita. Natumaini akivitazama vitu vyake atajikumbuka, na akijikumbuka yeye atanikumbuka mimi. Nimeandika hivyo wazi ili nikishindwa nijue nilishindwa nini.

Machi 13

Nimetoka kununua mkate. Nimerudi nimekuta kitambaa kimenyooka, hakina hata mkunjo mmoja, na vitu vimesimama kwenye mstari kama wanafunzi. Nimevuruga upya.

Machi 14

Tena.

Machi 15

Leo nimejificha nyuma ya pazia la chumbani nimwone mwizi wa mikunjo yangu. Ni Mama, bila shaka. Ametoa kitu kimoja kimoja, taratibu, akakiweka sakafuni. Akachovya vidole kwenye bakuli, akanyunyiza. Halafu akapitisha kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, akiegemea kwa uzito wake wote, na kitambaa kikalala. Akakikunja mara nne, akakibana kwa ubapa wa mkono, akakikunjua, akakitandika.

Nimetokeza. Hakushtuka.

"Fundi," amesema, "najua una nia njema. Lakini umeacha kitambaa cha watu kama kimetoka mdomoni mwa ng'ombe. Mwenyewe akirudi atasema nini?"

"Mwenyewe nani, mama?"

"Huyu mwenye vitu."

"Unamjua?"

"Nitamjuaje na mimi nimekuta vitu tu? Ila ni mtu msafi, huyu."

Nimetoka nje nikasimama chini ya upenu, nikalia. Nilidhani akiiona pasi yake atapiga kelele za furaha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: ameviona vitu vyake vyote, na anamlindia mgeni.

Machi 16

Mvua ya kutwa. Wali ulishika chini.

Machi 20

Tumekuwa tukikaa pamoja kila asubuhi, mimi kwenye kigoda na ubao wangu, yeye kwenye kiti. Nuru ya dirishani inapita kwenye maji yanayotiririka kiooni, inatembea darini, inashuka ukutani, inapita juu ya mikono yake. Nyumba nzima inaonekana imezama, lakini tunapumua. Hatuna haraka. Mvua inazungumza juu ya bati, Mama anazungumza chini yake, na mara nyingine sijui lipi nimelisikia kwa nani.

Anamzungumzia mwenye vitu.

"Huyu ana haraka. Tazama kikombe kilivyobonyea ubavu. Anakigonga kwenye ukingo wa beseni, kila siku mahali palepale."

Au, "Mtu anayefunga miwani kwa uzi ana mambo mengine ya kufikiria."

Au, nikidhani amesinzia: "Anaimba akipiga pasi. Wanaopiga pasi huimba, mvuke unawapanda kichwani."

Ni kweli aliimba. Aliimba vibaya, na alibadilisha maneno ya nyimbo zote ili ziwe za kumsema mtu asiyefua kola. Nimecheka, naye amenitazama kwa furaha ya mtu ambaye mzaha wake umepata mteja. Nimesahau kabisa kwamba nilikuwa na mpango. Jioni nikakumbuka, nikaona haya kidogo, kama niliyesinzia kazini.

Machi 24

Mama Pacha, jirani yetu, ameingia kuazima mwavuli. Wanawe pacha wawili walivaa sare zilizopigwa pasi na Mama tangu darasa la kwanza. Amesimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Vizuri. Lakini mtu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

 Ameinama karibu na ubao.

"Hapa nasikia mpaka harufu ya mkaa. Lakini kitambaa hiki si cha Mama Pasi. Cha Mama Pasi unakijua hata gizani, unapitisha mkono huoni njia ya kwenda kokote. Hiki nani kakitafuna?"

Mwavuli ameuchukua, na usingizi wangu pia. Siku zote hizi mimi ninavuruga na Mama ananyoosha, nami nikiona ananiharibia. Kumbe kilichobaki chake hapa mezani kuliko pasi, kuliko miwani, ni kule kunyooka. Nilikuwa na alama ya mkono wake mbele yangu kila asubuhi, nami nikiifuta ili nichore nilichofundishwa.

Machi 25

Nimekwangua mikunjo yote ubaoni kwa kisu.

Machi 29

Kuchora kitambaa kilichonyooka ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna pa kushika. Ni weupe tu, na mistari miwili hafifu inayopishana pale kilipokunjwa. Nikikoleza kidogo inakuwa mikwaruzo, nikipunguza inapotea. Mama anapita nyuma yangu anasema, "Polepole, fundi, usiunguze."

Aprili 2

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitairudia kichwani mpaka kesho.

Nimeoga. Hilo tu ndilo nililofanya, nimeoga. Nimetoka, mlango wa mbele uko wazi, mvua inaingia mpaka kwenye zulia. Kiti cha Mama kitupu. Nimeita. Nimekwenda kwa Mama Pacha, hayupo huko. Nimerudi, na ndipo nilipoona mezani: pasi ipo, bakuli lipo, kikombe kipo. Miwani haipo, wala kitambaa.

Nimekimbia bila viatu. Mtaani maji yamefika vifundoni. Nimeuliza kwa kinyozi, nimeuliza kwa fundi baiskeli, kila mtu amejikunyata ndani na hakuna aliyeona mtu. Mama Pacha amekwenda upande wa soko, mimi nikateremka barabara kuu, na sijui nilikwendaje kule. Miguu ndiyo iliyofikiri. Nimefika nyuma ya ile hoteli, kwenye geti la wafanyakazi. Mama alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha mlinzi, amefunikwa koti la mlinzi, anatetemeka. Mapajani ameshika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, kimelowa, na ndani yake miwani.

"Ndugu yangu," mlinzi ameniambia kwa sauti ya chini, "anamtafuta mfanyakazi mwenzetu. Nimemwambia hatuna mtu kama huyo. Hataki kuondoka."

"Huyu mama amesahau miwani," Mama amesema aliponiona. "Na zamu imeshaanza. Ataonaje madoa bila miwani? Fundi, waambie wewe, labda wewe watakusikia."

Nimepiga magoti kwenye maji. Nimemwambia nitampa mwenyewe. Ameniangalia kwa mashaka, kisha akanikabidhi. Kama nisingechora picha ile asingetoka nyumbani. Nimemtafutia mtu wa kumsubiri, naye kwa wema wake akaenda kumpelekea miwani. Mlinzi ametuitia teksi, na koti lake hakutaka tulirudishe leo.

Nimempigia Dada simu. Ningeweza kuficha, Mama Pacha alinishauri nifiche. Nimemwambia yote. Nikajiandaa kwa matusi.

Dada alikuwa analia. "Kila simu yako ikiita," amesema, "nahesabu kwanza. Navuta pumzi, ndipo napokea. Mwaka mzima sasa. Nalala na viatu kando ya kitanda. Unadhani nataka kumchukua kwa sababu sikuamini? Nataka nimsikie anapumua chumba cha pili, nilale."

Nilimtupia methali ya kitanda na kunguni siku ile nikajiona nimeshinda. Cha kwake sikuwahi kukiuliza.

"Mvua zikiisha," amesema.

"Mvua zikiisha," nimejibu. 

Aprili 3

Mama ana kikohozi. Nimeigeuza picha, inatazama ukuta.

Aprili 4

Kikohozi. Supu kidogo. Dada amepiga mara tatu, nimepokea haraka mara zote tatu.

Aprili 7

Kikohozi kimeshuka. Leo ametembea mpaka sebuleni akasimama mbele ya ubao uliogeuzwa.

"Mbona mmemfanyia hivi? Akija atadhani tumemkasirikia."

Nimeugeuza. Amepiga pasi kitambaa, kwa pasi ya umeme safari hii, nami nimeshika waya. Tumevirudisha vitu. Miwani imepata uzi mpya. Mlango wa mbele sasa una komeo la juu, nimelipaka rangi ya ukuta ili lisionekane.

Aprili 15

Mvua imekuwa nyembamba. Inanyesha kwa kusahau, inaacha, inakumbuka tena. Mchana tumelala wote wawili tukiwa tumekaa, na nilipoamka sikujua ni saa ngapi wala nina umri gani. Kulikuwa na harufu ya nguo zenye joto. Pasi ilikuwa baridi, nimeigusa. Mama ametabasamu kana kwamba ameinusa naye.

Sijaribu tena kumkumbusha. Nachora ili nipate sababu ya kukaa karibu naye, na nadhani yeye ananiacha nichore kwa sababu hiyohiyo.

Aprili 19

Mwenye duka la viatu ametuma ujumbe: "KI mpaka lini?"

Aprili 21

Leo haikunyesha. Nilikaa nikisikiliza.

Aprili 22

Wala leo.

Aprili 26

Jua tangu asubuhi. Dada amefika na gari la kukodi, dereva akabaki nje na redio yake. Tumekumbatiana kwa muda mrefu kuliko kawaida yetu. Ameingia chumbani kufungasha nguo za Mama, akaleta mkoba sebuleni ili awe karibu nasi. Anakunja blauzi, Mama anaikunjua na kuikunja upya. Anakunja sketi, Mama anaikunjua. "Huyu binti ana mikono mizuri," Mama ameninong'oneza, "lakini hakufundishwa."

Mimi nilikuwa namalizia picha. Imebaki nuru kwenye ukingo wa kikombe, kazi ya brashi nyembamba. Sikutaka kuinua macho nione mkoba unavyojaa.

Mama ameacha sketi. Ameitazama meza, akaitazama picha, akarudi kwenye meza. Amekwenda jikoni, tukasikia anapekua kabati. Amerudi na kikombe changu, kile cha njano ambacho kishikio chake kilivunjika zamani na bado nakinywea. Amekiweka juu ya kitambaa, kando ya kile cha bluu, karibu sana, mpaka vimegusana.

"Fundi, hapa ulikosea."

"Wapi, mama?"

"Huyu mama hanywi chai peke yake. Umemwekea kikombe kimoja kama mgonjwa."

"Hicho ni cha nani?"

"Cha mwanawe. Yule mdogo, anayechelewa kurudi, mikono michafu."

Brashi imegusa mahali pasipotakiwa. Dada amesimama na blauzi mkononi. Nimemgeukia Mama ili anione uso wote.

"Unamjua huyo mwanawe?"

Amenitazama. Amenitazama kwa makini na kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni anayemtakia mema.

"Simjui," amesema. "Nitamjuaje? Lakini huyu mama anamjua."

 Nilitaka kumtazama Dada, nikashindwa.

Yeye ndiye aliyeuliza, kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho tulipokuwa tukigombea upande wa ukutani kitandani. "Na mkubwa? Huyu mama hana mwingine mkubwa?"

Mama amefikiri. "Yupo. Yule hakai. Akija yuko mlangoni, akiondoka yuko mlangoni. Kikombe chake kinafunikwa na kisahani kisipoe. Mama wa watu anashinda anakigusa kama bado kina moto."

Dada amejifunika uso kwa blauzi. Nilikuwa nimemsikia akilia kwenye simu; kumwona ni jambo jingine. Nje dereva amepiga honi. Ametoka vilevile na blauzi yake, nikamsikia dirishani.

"Nenda tu. Leo hatusafiri."

"Kesho nije, bosi?"

"Kaka, nimesema nenda."

Amerudi kwa kupitia jikoni. Ameshika kikombe cheupe kilichofunikwa na kisahani, akakiweka mezani kando ya viwili vile, akakaa akikiangalia asijue mikono aipeleke wapi. Sijui kama kwa hesabu ya makubaliano yetu nimeshinda au nimeshindwa, na hakuna aliyetaja makubaliano. Picha itabidi niianze upya, ubao huu hauna nafasi ya vikombe vitatu.

Mama amemtazama Dada toka kichwani hadi miguuni.

"Na wewe ni fundi?"

Dada amenitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo, mama. Na mimi ni fundi."

"Basi kaeni vizuri," amesema Mama, akivuta kiti chake karibu na meza. "Mwenyewe akija asikute tumemwacha peke yake."